Folda ya pamoja inapokataa watu: kisa cha miunganisho 20

Ofisi ilikuwa na wafanyakazi 16 na folda moja ya pamoja. Folda hiyo haikuwa kwenye seva. Ilikaa kwenye kompyuta ya mezani ya mhasibu, yenye Windows 10 Pro, na wengine wote waliifungua kupitia mtandao wa ndani kama diski Z. Mpango huu ni wa kawaida katika ofisi ndogo, na unaweza kwenda miaka bila mtu kuufikiria. Kisha mtu anabofya diski Z na kuambiwa kwamba kompyuta ile haiwezi kupokea muunganisho mwingine kwa sasa, maana imekwisha kupokea yote inayoweza kupokea.

Malalamiko yaliyonifikia hayakuutaja ujumbe huo. Yalisema tu kwamba mtandao unasumbua. Kabla sijaitwa, ofisi ilikuwa imebadilisha swichi, imevuta kebo mpya hadi chumba cha mhasibu, na imempigia simu mtoa huduma wa intaneti. Hakuna kilichosaidia isipokuwa jambo moja: kompyuta ya mhasibu ikizimwa na kuwashwa tena, kila mtu aliingia. Baada ya saa chache hali ilirudi ilivyokuwa.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ofisi nyingi hupita njia hiyohiyo. Fedha zinatumika kwa vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote, na jibu lilikuwa linasubiri kwenye amri moja ya maneno mawili.

Nani anakataliwa, na saa ngapi

Kabla ya kugusa kebo yoyote niliuliza maswali hayo mawili. Majibu yalikuwa na thamani kuliko kifaa chochote cha kupimia. Wanaofika mapema hawakuwahi kupata shida. Wanaochelewa, au wanaorudi ofisini baada ya kazi za nje, ndio waliokuwa wakikataliwa. Hakuwa mtu yuleyule kila siku. Aliyekataliwa leo, kesho akiwahi aliingia bila tatizo, na mwenzake wa meza ya pili ndiye aliyebaki nje. Mhasibu peke yake hakuwahi kuona ujumbe ule hata mara moja. "Kwangu inafungua vizuri, fundi," aliniambia, "labda shida iko kwenye kompyuta zao." Wenzake walikuwa wamekwisha kuamini hivyo.

Kebo mbovu humtesa mtu mmoja, kwenye meza moja. Nywila iliyokosewa vivyo hivyo. Swichi ikifa, huanguka kundi zima kwa pamoja, na intaneti yao nayo hukatika. Lakini kitu kinachowapokea waliotangulia na kumkataa anayekuja mwisho, awe nani, kinahesabu. Mahali fulani kuna idadi, na idadi hiyo imefika. Na mhasibu hakuona tatizo kwa sababu yeye hapiti kwenye mtandao: folda iko kwenye diski ya kompyuta anayoitumia, hivyo kuifungua hakuchukui nafasi yoyote katika hesabu hiyo.

Nilikaa kwenye kompyuta ya mmoja wa waliokataliwa. Intaneti ilikuwa inafanya kazi. Amri ya ping, inayopima kama kompyuta nyingine inajibu, kwenda kwa kompyuta ya mhasibu ilijibiwa mara moja, bila pakiti kupotea. Amri ya Test-NetConnection kwenye poti 445, ambayo ndiyo inayotumiwa na itifaki ya SMB kwa folda za pamoja, nayo ilifaulu. Hadi hapo kebo, swichi na ukuta wa moto (firewall) walikuwa wameondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kisha niliandika net use, amri ya Windows ya kuunganisha folda ya mtandao, pamoja na njia ya folda, na jibu likarudi: hitilafu ya mfumo namba 71.

Namba hiyo inastahili kukaririwa na kila anayehudumia ofisi. Namba 53 maana yake njia ya mtandao haikupatikana, yaani jina limekosewa, kompyuta imezimwa, au ukuta wa moto umezuia. Namba 5 ni ruhusa: umefika, lakini hukubaliwi kuingia. Namba 71 ni kujaa. Dirisha la Windows linapomwonyesha mtumiaji ujumbe mrefu, yeye huufunga haraka na kusema mtandao umekatika, na hapo ndipo uchunguzi wote unapopotea. Nimekuwa nikiwasihi watu wapige picha ya ujumbe kwa simu kabla hawajaufunga. Picha moja ya namna hiyo ingeiepushia ofisi hii swichi mpya.

Si kila kujaa ni kujaa kumoja

Mtandao wa ofisi una vikomo vingi, na kila kimoja kina dalili zake. Nilipitia vingine kwa haraka ili nisije nikang'ang'ania jibu la kwanza.

Anwani za IP zinaweza kuisha. Mtandao wa kawaida wenye barakoa ya mtandao (subnet mask) ya 255.255.255.0 una anwani 254 zinazotumika, lakini ruta nyingi hutengewa sehemu tu ya hizo kwa ajili ya kugawa. Zikiisha, kompyuta ya Windows iliyokosa hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na haipati intaneti kabisa. Hapa hakuna aliyekuwa na anwani hiyo.

Kifaa cha Wi-Fi nacho kina idadi ya vifaa kinavyoweza kuvibeba. Kikizidiwa, simu au laptopu hushindwa kuungana na Wi-Fi yenyewe, si folda peke yake. Waliokataliwa kwetu walikuwamo wenye kebo na wenye Wi-Fi.

Kikomo kinachowachanganya mafundi zaidi ni jedwali la ruta. Ruta inayoshirikisha anwani moja ya nje kwa ofisi nzima huandika kila muunganisho kwenye jedwali, na jedwali lina ukubwa maalumu. Likijaa, mazungumzo yaliyokwisha kuanza huendelea, lakini kurasa mpya hazifunguki. Kwenye ruta zinazotumia Linux, mpangilio wa asili huacha muunganisho wa TCP uliokwisha kuanzishwa ukae humo sekunde 432,000 bila kutumika, yaani siku 5, na jedwali likijaa ujumbe wa kulalamika huandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Dalili zake zinafanana na zetu, maana waliotangulia hubaki ndani na wanaofuata hukataliwa. Tofauti ni kwamba tatizo hilo hugusa intaneti. Safari kutoka kompyuta ya mfanyakazi hadi kwa mhasibu, zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, haipiti kwenye jedwali hilo. Inapita kwenye swichi tu. Ndiyo sababu kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Kuna fundi mmoja aliyewahi kuwaambia kwamba Windows huzuia miunganisho 10 na kwamba kuna faili ya kubadilisha ili kuondoa kizuizi hicho. Habari hiyo ina mizizi ya kweli ila imechanganywa. Windows XP, katika toleo la Service Pack 2 la mwaka 2004, iliweka kikomo cha majaribio 10 ya miunganisho ya TCP ambayo haijakamilika, na ikikifikia iliandika tukio namba 4226. Watu walibadilisha faili ya mfumo kukiondoa. Kikomo hicho kilihusu miunganisho inayotoka, hakikuhusu folda za pamoja, na kwenye Windows za leo hakipo. Anayekupa dawa hiyo kwa hitilafu 71 anatibu ugonjwa mwingine, tena kwa kuchezea faili za mfumo.

Nafasi 20 zinakaliwa na nani

Windows za kompyuta za kawaida, tofauti na Windows Server, zimewekewa idadi ya kompyuta nyingine zinazoweza kuzitumia kwa wakati mmoja kwa mafaili na printa. Windows XP Professional iliruhusu 10, XP Home 5. Kuanzia Windows 7 idadi ni 20, na Windows 10 na 11 zimebaki hapohapo. Ukiandika net config server kwenye kompyuta yenye folda, idadi hiyo inaonekana wazi.

Nilipomwambia mkuu wa ofisi, alishangaa kwa haki. "Sisi ni 16, na mmoja ndiye mwenye kompyuta yenyewe. Tunabaki 15. Hiyo 20 tumeifikishaje?"

Swali hilo ndilo kiini cha kisa chote. Kikomo hakihesabu watu. Kinahesabu sesheni, yaani kila kompyuta au kifaa kilichojitambulisha kwa mwenye folda na bado hakijaaga. Kompyuta moja ikifungua folda tatu kutoka kwa mwenyeji mmoja, kwa kawaida hiyo ni sesheni moja. Lakini kifaa kisicho na mtu nyuma yake kinachukua nafasi nzima kama mtu.

Niliomba watu wasizime chochote. Nilifungua dirisha la amri la msimamizi kwenye kompyuta ya mhasibu na kuandika net session. Zilitoka safu 20 kamili, kila moja ikiwa na anwani ya kompyuta, jina la mtumiaji, idadi ya faili zilizofunguliwa na muda ambao sesheni imekaa bila kufanya lolote.

Tulipitia anwani moja baada ya nyingine. Safu 13 zilikuwa za wafanyakazi waliokuwa mezani kwao. Mbili zilikuwa za mashine za kunakili zenye skana, ambazo hutuma nyaraka zilizoskaniwa moja kwa moja kwenye folda. Moja ilikuwa ya kompyuta ya chumba cha mikutano, iliyoachwa ikiwaka na dirisha la folda wazi tangu kikao cha jana yake. Moja ilikuwa ya kifaa cha kuhifadhi nakala rudufu. Moja ya kompyuta ya pili ya mkuu wa ofisi mwenyewe. Mbili za mwisho zilitukwamisha kidogo, kwa sababu majina ya watumiaji yalikuwa ya watu ambao tayari tulikuwa tumewahesabu. Walikuwa wenye laptopu. Asubuhi walianza kazi wakiwa wamechomeka kebo, kisha wakahamia meza nyingine na kuendelea kwa Wi-Fi. Wi-Fi iliwapa anwani tofauti, sesheni mpya ikafunguliwa, na ile ya kebo ikabaki imeandikwa kwa anwani ya zamani.

Kwa hiyo nafasi 7 kati ya 20 zilikaliwa na vitu ambavyo hakuna mtu aliyekuwa ameketi mbele yake, na wafanyakazi 2 waliofika mwisho walikuwa nje. Mkuu wa ofisi aliisoma orodha mara mbili. Ninaamini orodha ile ilimshawishi kuliko maelezo yangu yote.

Dawa ya zamani iliyozaa ugonjwa mpya

Lakini bado kulikuwa na jambo lisiloeleweka. Windows ina utaratibu wa kuwatoa waliokaa bure: sesheni isiyotumika kwa dakika 15 hukatwa yenyewe, na nafasi yake hufunguka. Mtumiaji hapotezi chochote, maana akirudi kubofya folda anaunganishwa upya kwa muda mfupi. Skana iliyotuma karatasi asubuhi haikupaswa kuwa bado ndani mchana. Ilhali kwenye orodha yetu safu kadhaa zilionyesha saa nyingi bila kazi yoyote.

Nilirudi kwenye net config server na kuangalia mstari wa muda wa kukaa bure. Utaratibu ulikuwa umezimwa. Mtu aliwahi kuandika net config server /autodisconnect:-1, na tarakimu hiyo hasi maana yake ni kwamba sesheni isikatwe kamwe.

Historia ilijitokeza polepole. Zamani kidogo, wafanyakazi walilalamika kwamba diski Z inaonyesha alama nyekundu ya X wanaporudi kutoka mapumziko. Alama hiyo ndiyo matokeo ya kawaida ya ule ukataji wa dakika 15. Haina madhara, na kubofya mara moja huiondoa. Lakini inatisha, na fundi aliyehudumia ofisi wakati huo alitafuta namna ya kuiondoa akaipata. Alama ikatoweka, watu wakafurahi. Wakati huo ofisi ilikuwa na watu wachache na mashine moja ya kunakili, kwa hiyo hata bila ukataji idadi haikukaribia 20. Ofisi ilipoongezeka, mpangilio ule uliosahauliwa ukaanza kuuma. Simlaumu fundi yule kwa kuitumia amri. Ninachokisikitikia ni kwamba hakuna mahali ilipoandikwa. Mstari mmoja kwenye daftari la ofisi, wenye tarehe na sababu, ungetosha.

Hapa pia ndipo inapoeleweka kwa nini kuzima na kuwasha kulionekana kuponya. Kompyuta ya mhasibu ikizimwa, sesheni zote 20 hufutika. Ikiwaka, wanaofanya kazi wanaingia kwanza, vifaa vinavyosubiri vinaingia baadaye, na kabla ya mchana nafasi zimejaa tena. Kuwasha upya kuna ubaya mwingine ninaouona mkubwa zaidi: kunafuta ushahidi. Kila mara walipofanya hivyo, orodha ya wanaokalia nafasi ilipotea, na fundi aliyefuata alikuta kila kitu kiko sawa. Ukiweza, soma orodha kwanza, ihifadhi kwenye faili, ndipo uwashe upya.

Tuliyoyafanya siku ileile

Tulirudisha muda wa kukaa bure kwenye dakika 15. Kwa sesheni zilizokuwa zimekwama nilitumia net session na anwani husika pamoja na /delete, moja moja, baada ya kuhakikisha idadi ya faili zilizofunguliwa ni sifuri. Hatua hii inahitaji utulivu. Amri hiyohiyo bila anwani hukata watu wote kwa pamoja, na aliyekuwa katikati ya kuhifadhi kazi anaweza kuipoteza.

Dakika 15 pekee zisingetosha kwa kompyuta ya chumba cha mikutano. Dirisha la folda likiachwa wazi, Windows hushikilia folda hiyo ili ionyeshe mabadiliko yanapotokea, na sesheni inayoshikilia kitu haihesabiwi kuwa imekaa bure. Jambo hili halijulikani sana, na linaeleza visa vingi vya watu wanaosema wameweka muda wa kukata na bado haukati. Amri ya Get-SmbOpenFile kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, huonyesha nani ameshikilia nini, folda zikiwamo. Kompyuta ile tuliipangia ifunge akaunti yenyewe jioni.

Mashine za kunakili tulizielekeza zitume nyaraka kwa barua pepe badala ya folda. Kifaa cha nakala rudufu kilipangiwa saa za usiku. Wenye laptopu tuliwaomba wafunge faili zao kabla ya kuchomoa kebo. Ilipofika mchana, wafanyakazi wote 15 walikuwa ndani na nafasi zilibaki.

Mkuu wa ofisi aliuliza kama naweza tu kuongeza 20 ifike 40. Kwenye sifa za folda kuna kisanduku cha idadi ya watumiaji, na watu wengi hudhani ndicho cha kubadilisha. Kisanduku hicho kinakuruhusu kushusha idadi, hakikuruhusu kupita 20. Kubadilisha thamani kwenye sajili ya Windows nako hakuvuki hapo. Na hata kama kungevuka, idadi hii imeandikwa kwenye masharti ya leseni yenyewe. Si suala la nguvu ya kompyuta. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa na uwezo wa kuhudumia wengi zaidi, ila leseni yake haikununuliwa kwa kazi hiyo. Nilimwambia hivyo waziwazi, kwa sababu fundi anayeahidi kuvunja kikomo hicho anaiachia ofisi mzigo wa kisheria bila kuiambia.

Kuhamisha folda

Ofisi inayokaribia watu 20 na inayoendelea kukua imekwisha kuvuka mahali ambapo kompyuta ya mfanyakazi inaweza kuwa seva. Kulikuwa na sababu nyingine pia: mhasibu akisasisha Windows na kompyuta ikawaka upya, ofisi nzima ilikosa mafaili yake.

Njia zilikuwa tatu. Windows Server haina kikomo cha 20, lakini inadai leseni za kufikia kwa kila mtumiaji au kila kifaa, na gharama hiyo lazima ihesabiwe tangu mwanzo. Kifaa cha NAS, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa moja kwa moja na mtandao, ni rahisi kusimamia kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Kompyuta yenye Linux na programu ya Samba, inayoshirikisha folda kwa itifaki ileile ya SMB, haina leseni ya kulipia, na kwa mpangilio wa asili Samba haiweki kikomo cha idadi ya wanaoungana. Inazuiwa na kumbukumbu na kasi ya mashine tu. Kwa kuwa ofisi ilikuwa na kompyuta nzuri isiyotumika, walichagua Samba.

Tahadhari moja kwa anayefuata njia hiyo. Samba nayo ina muda wa kuwakata waliokaa bure, unaoitwa deadtime. Katika matoleo ya karibuni thamani yake ya asili ni dakika 10,080, yaani juma zima. Bila kikomo cha idadi, hilo si tatizo la kuwazuia watu, ila orodha ya smbstatus, amri ya Samba inayoonyesha waliounganishwa, itajaa majina ya walioondoka, na siku unayotafuta aliyeishikilia faili utapata taabu kusoma. Tuliishusha hadi dakika 15.

Uhamisho wenyewe ulifanyika mwisho wa juma. Folda ya zamani haikufutwa mara moja. Ilibadilishwa iwe ya kusoma tu, ili njia za mkato za zamani kwenye kompyuta za watu zifungue kitu na kuwaonyesha kwamba wako mahali pasipo sahihi, badala ya kuwaacha waandike nyaraka mpya kwenye nakala iliyoachwa. Wafanyakazi kadhaa waligunduliwa kwa njia hiyo, wakiwemo wawili ambao programu yao ya uhasibu ilikuwa imeandikiwa njia ya zamani ndani ya mipangilio yake. Baada ya net session kwenye kompyuta ya mhasibu kubaki tupu kwa siku kadhaa mfululizo, ushirikishaji wa folda ile ulizimwa, na diski Z ya kila mtu ikabaki ikielekea kwenye seva.